Mng'ongo Usiozaa Usiukate Haraka

Ndugu wanakikundi, tukitembea sehemu kavu za Ukambani tunasikia neno moja kila mahali: "Huo mng'ongo hauzai, ni wa kukatwa tu." Basi mti unaishia kuwa kinu, mzinga wa nyuki au magunia ya makaa. Hata sisi tulisema hivyo kabla hatujajua.

Mng'ongo (Wakamba huuita muua) una dume na jike, kama mpapai. Dume huchanua lakini halizai ng'o. Kazi yake ni kutoa unga wa maua, nao nyuki na wadudu wengine huupeleka kwa jike. Mkimaliza madume yote, majike yatabaki na majani mazuri tu, ng'ongo hakuna. Na tunda hilo lina vitamini C kushinda chungwa! Watoto wanaochunga mbuzi wanalijua bila kufundishwa.

Kuna shida nyingine isiyoonekana upesi. Zamani ndovu, nyani na mifugo walikula matunda hapa wakaangusha kokwa mbali, kwa hiyo mbegu zilichanganyika. Siku hizi unakuta miti mitano hapa, mitatu kule ng'ambo ya mashamba, na katikati hakuna kitu. Nyuki hawafiki kwa urahisi. Miti inaanza kuzaana ndugu kwa ndugu. Mfugaji anajua mambo ya boma lenye fahali mmoja miaka mingi: ndama hudhoofika. Miti nayo ni hivyo hivyo. Tena ikifanana sana, ugonjwa unaoua mmoja unaweza kuimaliza yote.

Sasa tuangalie nasari zenu. Mkiokota kokwa chini ya mti mmoja mtamu ulio karibu na njia, miche 500 itakuwa watoto wa mama mmoja. Wataalamu wa mbegu hushauri kuokota kwa miti 30 au zaidi, iliyoachana angalau mita 50. Kijiji kimoja pengine hakitaipata 30, tunajua. Basi badilishaneni kokwa na kikundi cha ng'ambo ya mto. Siku ya soko inatosha.

Wanaounganisha miche ili izae mapema, msikate vijiti kwa jike moja tu, maana huo ni mti uleule mara mia. Wanaopanda mbegu, msipande mche mmoja pekee: hauonyeshi kama ni dume au jike mpaka uchanue. Na madume yaliyosimama sasa, yapakeni chokaa shinani ili mwenye panga aulize kwanza.