Besi nzuri ni kazi ya seremala

Ukisimama kando ya barabara kule Bukiriro, wilayani Ngara, gari la abiria lenye muziki utalisikia kabla hujaliona. Kinachotangulia ni besi. Juma hili napenda tuulizane: kwa nini spika ileile iungurume vizuri katika gari moja, na katika jingine itikise vioo tu?

Jibu limo katika boksi. Spika ya besi, yaani sabufa, ikisukuma hewa mbele, papo hapo huivuta nyuma. Ikiachwa bila boksi, mawimbi ya nyuma huzunguka na kuyaua ya mbele.

Boksi lenye tundu hufanya zaidi. Puliza mdomoni mwa chupa tupu: italia mlio mmoja. Hewa ya shingoni hucheza juu ya hewa ya tumboni kama mzigo juu ya springi. Tundu la sabufa hufanya vivyo hivyo, na karibu na mlio wake huyageuza mawimbi ya nyuma yaende pamoja na ya mbele. Ukirefusha bomba la tundu, mlio hushuka. Ukilipanua tu, hupanda.

Mafundi hubishana: tundu likae karibu na spika au mbali? Besi ya mitetemo 40 kwa sekunde ina wimbi la mita 8.5 hivi, refu kuliko Hiace yenyewe. Sentimita 20 huku au kule si kitu. La muhimu ni midomo ya bomba, wa ndani na wa nje, isibanwe na ukuta wala kiti. Iachiwe walau nafasi sawa na upana wa bomba. Na bomba jembamba mno hufoka upepo.

Nasema haya kwa sababu anayekosa besi huongeza sauti. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikizidi 3, muda hupungua nusu. Kwenye desibeli 100 ni dakika 15 tu. Abiria hushuka, dereva na konda hubaki humo tangu alfajiri, katika wilaya ya malori ya Rusumo, ambako honi lazima isikike.

Wenye magari, kabla ya kununua amplifaya kubwa zaidi, mwiteni seremala. Boksi likiwa sawa, besi itatosha, na konda atamsikia mama anayesema, "Shusha!"