Safari moja au mbili? Jinsi kadi ya nauli inavyoamua mjini London

Mitambo ya kielektroniki imeondoa noti na sarafu katika mabasi ya London. Lakini inapokosea, ni nani anayebeba gharama? Makala yetu ya sayansi na teknolojia inaanzia katika mtaa wa Kenton na kuishia Nairobi na Dar es Salaam.

Msikilizaji, Kenton ni mtaa wa makazi ulio kaskazini-magharibi mwa London. Barabara yake kuu, Kenton Road, ndiyo mpaka kati ya halmashauri mbili za jiji hili, Brent na Harrow. Miongoni mwa wakazi wake zimo familia zenye asili ya Bara la Hindi zilizokuja kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, baadhi yao baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia nchini Uganda mwaka 1972. Kwa hiyo si ajabu kumsikia mzee akiulizia bei dukani kwa Kiswahili.

Kenton ina stesheni ya reli iliyofunguliwa mwaka 1912, ambayo leo huhudumiwa na treni za njia za Bakerloo na Lioness. Mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka hapo ipo stesheni nyingine, Northwick Park, iliyofunguliwa mwaka 1923 kwenye njia ya Metropolitan. Hakuna ujia wa ndani unaoziunganisha. Anayetaka kubadilisha treni hana budi kutoka katika stesheni moja, kutembea barabarani, kisha kuingia katika nyingine.

Tuchukue mfano wa msafiri anayetoka Wembley Central kwenda Pinner kwa njia hiyo. Machoni pa binadamu, hiyo ni safari moja. Mashine, hata hivyo, imeona matukio manne: kuingia, kutoka, kuingia tena na kutoka tena. Je, msafiri huyu atozwe nauli moja au mbili?

Chipu isiyo na betri

Ili kulijibu swali hilo, yafaa kwanza kuifahamu kadi yenyewe. Kadi ya Oyster, jina linalomaanisha chaza, yule kiumbe wa baharini anayehifadhi lulu, ilianza kutumika mwaka 2003. Ndani ya plastiki yake mna chipu ndogo na waya mwembamba uliozungushwa kama antena. Kadi haina betri. Inapokaribishwa kwenye mashine ya kusomea, uga wa sumaku unaotoka katika mashine huzalisha umeme katika waya huo, na umeme huo ndio unaoiamsha chipu.

Katika muda usiofika nusu sekunde, mashine husoma namba ya kadi, huangalia salio, huandika jina la stesheni na saa ya kuingia, kisha hufungua lango. Msafiri anaposhuka, mashine ya pili husoma maandishi hayo, hupiga hesabu na kukata nauli. Haraka hiyo ina sababu: nyakati za msongamano, kila sekunde inayopotea langoni hurefusha foleni nyuma yake.

Kadi za benki, zilizoanza kukubaliwa katika mabasi Desemba 2012 na katika treni za chini ya ardhi Septemba 2014, hufuata utaratibu tofauti. Lango halikati pesa papo hapo, bali huhakikisha tu kwamba kadi haimo katika orodha ya zilizozuiwa. Kumbukumbu hupelekwa kwenye kompyuta kuu, nayo huziunganisha safari zote za siku na kuhakikisha kwamba msafiri hatozwi zaidi ya kikomo kilichowekwa kwa siku au kwa wiki. Kwa maneno mengine, akili iliyokuwa ndani ya kadi imehamishiwa katika kompyuta ya mbali.

Kanuni ya Kenton

Sasa turudi kwa msafiri wetu. Mamlaka ya usafiri ya jiji, Transport for London, imeziorodhesha Kenton na Northwick Park kuwa jozi. Kadi ikitoka katika stesheni moja na kuingia katika ya pili ndani ya muda uliowekwa, kompyuta huziunga sehemu hizo mbili kuwa safari moja na kutoza nauli moja. Muda huo ukipita, safari ya pili huanza kuhesabiwa upya.

Kompyuta haikuligundua jambo hilo yenyewe. Kwanza alihitajika mtu aliyefahamu kwamba watu hutembea kati ya stesheni hizo, kisha uamuzi ukafanywa kwamba wasiadhibiwe kwa sababu reli mbili zilijengwa mbalimbali zaidi ya karne moja iliyopita. Mfumo tunaouita wa kisasa, kwa hakika, ni mkusanyiko wa maamuzi ya binadamu yaliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta.

Mashine inapokosea

Tatizo huonekana pale mambo yasipokwenda kama yalivyopangwa. Msafiri akisahau kugusisha kadi wakati wa kutoka, mfumo haujui aliposhukia, na kwa kawaida humtoza nauli ya juu kabisa. Kwa mfanyakazi wa kima cha chini, tofauti hiyo si ndogo. Ndiyo maana kuna utaratibu wa kudai marejesho, na mara nyingine kompyuta yenyewe huyachunguza mazoea ya msafiri, hukisia stesheni aliyoshukia na kumrudishia fedha kabla hajaomba.

Mwezi Julai 2008 kosa lilikuwa la mfumo wenyewe. Taarifa zenye hitilafu ziliharibu makumi ya maelfu ya kadi za Oyster. Malango yaliachwa wazi, na wenye kadi zilizoharibika wakalazimika kubadilishiwa.

Katika mwaka huohuo wa 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Nijmegen, Uholanzi, walionyesha kwamba chipu ya Mifare Classic iliyotumika katika kadi hizo ingeweza kuvunjwa na kunakiliwa. Kampuni iliyoitengeneza, NXP, ilikwenda mahakamani kuzuia utafiti huo usichapishwe, lakini mwezi Julai hakimu aliwaruhusu watafiti kuendelea. Usalama wa chipu hiyo ulitegemea kwa kiasi kikubwa usiri wa kanuni zake, na siri ilipojulikana, kinga ilidhoofika. London baadaye ilihamia kwenye chipu imara zaidi.

Hata hivyo, chipu imara haikumaliza hatari. Septemba 2024 Transport for London iligundua kwamba mitandao yake imeingiliwa na wahalifu. Treni na mabasi viliendelea na safari, lakini mamlaka hiyo ilitangaza kwamba huenda taarifa za benki za wateja wapatao 5,000 zilifikiwa. Taarifa hizo zilikuwa katika kumbukumbu za marejesho ya nauli za Oyster. Yaani, utaratibu uliowekwa ili kumtendea haki msafiri ndio uliohifadhi taarifa zake nyeti kuliko zote.

Nairobi na Dar es Salaam

Afrika Mashariki nayo imeyajaribu haya. Mwaka 2013 kampuni ya Google na benki ya Equity zilizindua kadi ya BebaPay kwa ajili ya matatu za Nairobi. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya iliagiza nauli zilipwe kwa kadi badala ya fedha taslimu, lakini agizo hilo liliahirishwa na halikutekelezwa kikamilifu. BebaPay ilifungwa mwaka 2015.

Mashine za kusomea kadi hazikuwa kikwazo pekee. Nauli ya matatu hupanda mvua inaponyesha na hushuka abiria wanapopungua. Dereva na kondakta hupeleka hesabu kwa mwenye gari jioni, na kinachobaki ndicho chakula chao. Kadi humwonyesha tajiri kila shilingi iliyoingia, na kwa hiyo hubadilisha mgawanyo wa mapato ambao wafanyakazi hao wameuzoea kwa miaka mingi. Mhandisi asiyelitambua hilo amelisahau swali la msingi kabla hata ya kuandika programu yake. Simu, kwa upande mwingine, ilipokewa vizuri: M-Pesa, iliyozinduliwa Kenya Machi 2007, ilimkuta mtumiaji na chombo alichokwisha kukimiliki, naye ndiye aliyeamua lini atume na kiasi gani.

Mjini Dar es Salaam mabasi yaendayo haraka yalianza kutoa huduma Mei 2016 kwa mpango tofauti: abiria hulipa kituoni kabla ya kupanda. Hapo mpangilio wa kituo chenyewe ndio unaofanya kazi ya kwanza, na kompyuta hufuata.

Vilevile lipo suala la kumbukumbu. Kila mguso wa kadi unaandika mahali mtu alipokuwa na saa aliyokuwapo. Mjini London, kumbukumbu za safari za Oyster huondolewa utambulisho wa mwenye kadi baada ya wiki 8. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Zinapokaribishwa kampuni za kujenga mifumo ya nauli, sheria hizo ndizo zitakazopimwa.

Kwa hiyo, msikilizaji, utakapoelezwa kwamba jiji lako litaletewa mfumo wa kisasa wa nauli, usiulize tu kama lango litafunguka upesi. Uliza pia kadi ikiharibika utakwenda kwa nani, pesa ikikatwa mara mbili itarudi baada ya siku ngapi, na kumbukumbu za safari zako atakaa nazo nani. Msafiri wa Kenton anayetembea hadi Northwick Park hulipa nauli moja kwa sababu kuna aliyelifikiria swali lake mapema, akaliandikia jibu.