Tizi bila nyama Moro: Msosi upo, ila B12 haina mjadala

Morogoro. Mwanamichezo wa hapa mjini aliyeachana na nyama, samaki, mayai na maziwa hana shida ya msosi. Soko Kuu la Chifu Kingalu lina maharage, ndizi na mboga zinazoshuka kutoka Mgeta, kwenye Milima ya Uluguru.

Kazi ipo kwa mama ntilie. Kisamvu huenda kina dagaa, uji una maziwa, wali umetiwa samli. Akikomaa na kila sufuria, ataingia Uwanja wa Jamhuri na njaa. Bora aulize mapema: nazi na karanga nazo zinaunga mboga vizuri tu.

Kufika mbali inawezekana. Mmarekani Scott Jurek, asiyekula chochote cha mnyama, alishinda mbio za maili 100 za Western States mara saba mfululizo, 1999 hadi 2005.

Pa kukaza ni kwenye vitamini B12. Mchicha hauna, maharage hayana. Bila vidonge au vyakula vilivyoongezewa, damu hupungua, pumzi hukata, mishipa ya fahamu huumia. Kijiko cha samli kilichopita bahati mbaya hakimtoi mtu mchezoni. Kukosa B12 kunamtoa.