MATAWI YA MAFUNDI WA KOMPYUTA

Ndugu wafanyakazi, tawi la chama tunalijua sote. Mafundi wanaoandika programu huria za kompyuta, yaani zile ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzisoma, kuzibadili na kuzigawa, nao wana matawi yao. Fundi haligusi shina. Hufungua tawi, akafanya marekebisho yake humo, kisha akaomba yaingizwe shinani. Wenzake huyakagua, yakiwa mabovu hurudishwa, na shina halikudhurika. Chombo kinachotumika zaidi kwa kazi hii ni Git, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Mgeni asiye na ruhusa ya kuandika shinani hujichukulia nakala nzima, akatengeneza humo na kuomba vile vile.

Lakini nakala hiyo ni silaha pia. Mwaka 2010 kampuni ya Oracle ilikamilisha kuinunua Sun Microsystems, pamoja na OpenOffice.org, programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu. (Ndiyo ile iliyotafsiriwa kwa Kiswahili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.) Wengi wa waliokuwa wakiichangia hawakuwa na imani na tajiri mpya. Tarehe 28 Septemba wakatangaza nakala yao, LibreOffice, chini ya taasisi yao wenyewe. Hawakuomba kibali cha mtu, kwa kuwa leseni iliwaruhusu. Sisi mashine ya kiwanda hatuwezi kuinakili tukaondoka nayo! Jina tu ndilo walilolazimika kuliacha. Mwaka 2011 Oracle ikaikabidhi OpenOffice.org kwa Apache Software Foundation, na LibreOffice ingali ikiendelezwa.