KUSIMAMA KICHWA CHINI, MIGUU JUU

Muhula huu wavulana wengi wa kidato cha kwanza wameonekana nyuma ya mabweni wakijaribu kusimama kwa kichwa. Jambo hilo ni jema, kwani hutia nguvu mabega, mikono na tumbo. Lakini wengine hufanya juu ya saruji, bila mtu wa kuwashika. Shingo ina mifupa 7 tu, na ndani yake hupita mishipa ya fahamu iendayo mwili mzima. Aumiaye hapo aweza kupooza maisha yake yote. Kwa hiyo nataka kueleza namna ya kuanza, kama nilivyofundishwa.

Kwanza, mahali. Yafaa majani laini yasiyo na mawe, au godoro. Usifanye mara baada ya kula. Mwenye ugonjwa wa shingo, wa macho, au shinikizo la damu, sharti amwulize daktari kwanza.

Pili, kichwa. Wazee husema figa moja haliinjiki chungu. Piga magoti, weka viganja viwili chini, kisha weka kichwa mbele yake, pale nywele zinapoanzia, ili vyote vitatu vifanye pembetatu. Ukiviweka katika mstari mmoja utapinduka mara moja. Mikono ichukue uzito mwingi, shingo isilemewe. Inua kiuno, sogeza miguu karibu, weka goti moja juu ya kiwiko, kisha la pili. Hesabu mpaka 10. Ukiweza hivyo siku kadha wa kadha bila kuyumba, ndipo unyoshe miguu juu polepole. Usiirushe.

Tatu, mikono. Hapa ni pagumu zaidi. Kitu husimama imara iwapo kitovu cha uzito wake kiko juu ya msingi wake, na sasa msingi wako ni viganja viwili tu. Basi anzia ukutani. Weka viganja shubiri moja kutoka ukutani, upana wa mabega. Tandaza vidole, nyosha viwiko, tazama chini kati ya mikono. Rusha mguu mmoja, wa pili uufuate, visigino viguse ukuta. Baadaye, utakapouacha ukuta, ukihisi unaangukia mgongoni kandamiza ardhi kwa ncha za vidole; hiyo ndiyo breki yako. Ikishindikana, inua mkono mmoja, geuza kiuno, ushuke kwa miguu ubavuni.

Mwenzako asimame kando yako, asiwe mbele, akushike mapaja.

Wazazi wengine huona mchezo huu ni upuuzi. Lakini jimnastiki imo katika Michezo ya Olimpiki tangu ile ya Athens ya mwaka 1896. Wadogo zetu wasikatazwe, ila waongozwe. Nawaomba waje uwanjani jioni tufanye pamoja, na saruji waiachie miguu.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne