Mtandamboo au Msunguti? Utambuzi wa Tunda la Mwituni na Fasili ya Kamusi

Wahenga walinena kuwa usilolijua ni usiku wa giza. Methali hii inamwafiki mtu aliyesimama mbele ya kichaka asichokijua, kilichosheheni matunda madogo meusi. Makala haya yananuia kueleza jinsi ya kutofautisha mimea miwili ya mwituni imeayo humu nchini Kenya, na kubainisha kwa nini suala hili linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili.

Mmea wa kwanza ni mtandamboo, ambao wanabotania huuita Carissa spinarum. Wakikuyu huuita mukawa, nao Wamaasai huuita olamuriaki. Matunda yake huanza yakiwa ya kijani, hugeuka mekundu, kisha huiva yakawa meusi yenye uzambarau. Ni matamu na huliwa. Mmea wa pili ni msunguti, yaani Acokanthera schimperi, ambao Wamaasai huuita olmorijoi. Kutokana na mti huu Wakamba na Wagiriama, miongoni mwa jamii nyingine, walitengeneza sumu ya mishale. Kiini cha sumu hiyo, kiitwacho ouabain, hushambulia moyo.

Mimea hii ni ya ukoo mmoja, Apocynaceae, nayo inafanana mno. Yote miwili ina majani yanayong'aa, yaliyopangika mawili mawili yakielekeana. Kadhalika, yote ina maua meupe yenye wekundu na harufu nzuri, utomvu mweupe kama maziwa, na matunda ya zambarau iliyokolea. Ni dhahiri basi kwamba anayetegemea rangi ya tunda pekee anajihatarisha. Alama kuu ya kuitenganisha ni miiba: mtandamboo huwa na miiba mirefu na migumu, ilhali msunguti hauna. Hata neno spinarum katika Kilatini lina maana ya 'ya miiba'.

Hata hivyo, alama moja haitoshi, kwani baadhi ya matawi ya mtandamboo huwa na miiba michache sana. Mwenye shaka asionje. Awaulize wenyeji wanaoujua mmea huo, au apeleke tawi lenye majani, maua na matunda kwa wataalamu wa mimea katika Makavazi ya Kitaifa, Nairobi.

Sasa tuigeukie kamusi. Fasili kama vile 'aina ya mti wenye matunda madogo meusi' ni sahihi kwa mtandamboo, na ni sahihi vivyo hivyo kwa msunguti. Fasili isiyotenganisha chakula na sumu haijamfaa msomaji. Mathalani, tungeweza kuandika hivi:

mtandamboo: kichaka chenye miiba mirefu, utomvu mweupe na matunda madogo yaliwayo, ambayo huwa meusi yakiiva.

msunguti: mti usio na miiba, wenye utomvu mweupe, ambao hutengenezewa sumu ya mishale.

Maneno haya yote tunayo tayari katika lugha yetu. Kilichobaki ni mwanaleksikografia kutoka ofisini, akautazame mmea wenyewe akiwa pamoja na wanaouishi.