William Holden: Mbinafsi wa sinema, mlezi wa wanyama Mlima Kenya

Mwigizaji wa Marekani, William Holden, alivuma kwa kuigiza watu wanaojali maslahi yao tu. Katika Stalag 17, filamu iliyompa tuzo ya Oscar mwaka 1954, yeye ni mfungwa wa vita afanyaye biashara na walinzi huku wenzake wakitaabika. Katika The Bridge on the River Kwai (1957), anarudi vitani shingo upande na kuuawa.

Kumbe mwenyewe hakuwa hivyo. Mwaka 1959 alishiriki kuanzisha hoteli ya Mount Kenya Safari Club, Nanyuki, kisha shamba la wanyamapori kando yake. Alifariki 1981. Shambani humo ndimo bongo 18, swara wa msituni waliokaribia kuangamia, walimopokewa kutoka Marekani mwaka 2004. Wengine 17 waliletwa Meru, kwenye mlima uo huo, Februari 2025.